Moshi Uliokataa Kupanda

Saa kumi na mbili na robo, giza bado zito,
nalijaza puto haidrojeni
ndani ya kibanda kisichotaka cheche,
hata ile ya soksi za sufi.
Nje kipimajoto kimesoma thelathini na tisa chini ya sifuri.
Kope zangu zinanatana.
Mgandamizo, milibari mia tisa thelathini:
hewa imetuketia hapa bondeni Uvs
kama mgeni asiyejua kuaga.

Naliachia.
Kisanduku cheupe kinaning'inia kwa uzi,
mita tano kila sekunde,
nami nakimbilia ndani kukifuata kwenye skrini,
mikono nimeibana kwapani.

Chuoni Ulaanbaatar, Mwalimu Namkhai alituandikia ubaoni:
kila kilomita unayopanda, toa nyuzi sita na nusu.
Nikaikariri. Imenilipia kodi ya nyumba.
Ndiyo niliyomtwisha kaka yangu Gonchig mwezi wa kumi na moja
nilipopanda kumchukua Mama:
Huku mlimani baridi itamuua. Namteremsha mjini,
kuna jiko la makaa, kuna zahanati, kuna mimi.
Alikuwa anachuna mbuzi. Hakuinua kichwa.
"Mchukue," alisema. "Na blanketi zote chukua."

Mama hajanisamehe.
Anakohoa hadi alfajiri, anasema chai yangu ina ladha ya masizi,
anauliza mbona moshi wa majirani haupandi.
Lala, Mama, namwambia.

Skrini:
mita mia, hasi thelathini na sita.
Mita mia mbili, hasi thelathini na moja.
Mita mia nne,
hasi ishirini na mbili.

Kila Januari namba hizi hupita mikononi mwangu.
Miaka kumi na minne nimezituma
kama tarishi anayebeba barua za watu
bila kufungua hata moja.
Leo nimefungua.
Mita mia nne juu ya paa hili
ndicho kimo cha hema la Gonchig.

Nikaenda dirishani. Kumepambazuka.
Moshi wa mji mzima unapanda wima, dohani kwa dohani,
unafika mahali, unagonga kitu kisichoonekana,
unalala chali.
Baridi ina uzito. Usiku usio na upepo
huteremka makorongoni kama maji,
hutuama kwenye miguu ya vitanda vyetu,
na hewa ya vuguvugu hukaa juu yake, kifuniko cha sufuria,
sisi tukiwa mboga.

Puto haliko nasi tena. Limevuka kifuniko,
na huko sheria ya Mwalimu imerudi kazini:
hasi thelathini, hasi arobaini na tano.
Hakukosea, maskini. Alianzia tu kuhesabu
juu ya vichwa vyetu.
Kilomita tano na ushei: nusu ya hewa yote
imeshabaki chini.
Kilomita kumi, hasi sitini na moja,
na hapo joto linagoma kushuka,
linasimama kama farasi aliyeona barafu nyembamba.

Na puto linanenepa.
Hakuna aliyeliongeza pumzi;
ni waliokuwa wakiliminya wanaopungua.
Liliondoka mikononi mwangu likinifika kidevuni,
sasa lingejaza chumba cha Mama, mlango hadi mlango.
Kilomita thelathini na moja. Milibari tisa.
Namba inasita,
kisha inaanza kurudi nyuma.
Hivyo ndivyo mpasuko unavyosikika hapa stesheni.

Nikampigia Gonchig.
"Huko kuna baridi kiasi gani?"
Akafikiri. Nilisikia kondoo, nilisikia kijiko.
"Mbwa kalala nje," alisema.

Nikatuma ripoti, nikaazima gari la Oyuungerel,
nikafika nyumbani, nikaanza kukunja blanketi bila maelezo.
Mama alinitazama kitambo kutoka kitandani,
akakohoa, akavuta kiatu kimoja kwa fimbo.
"Hiyo ya bluu si yetu," alisema.
"Mrudishie jirani."